MWENZETU MWENYE USONJI NA BREKI YAKE

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Tumeombwa na kamati tuseme habari za wenzetu watu wazima wenye usonji, na hasa jambo moja tu la usonji, yaani kujizuia. Twajua wako walionung'unika pale mlangoni wakasema, "Tumekuja kusikia habari za mishahara na nyumba, mbona twaletewa udaktari?" Ndugu zetu, mishahara ni namba nne katika karatasi ya mkutano na hatutaipita. Lakini mwaka huu mwenzetu mmoja alikuwa karibu kupoteza mshahara wake wote, wala si nyongeza tu, kwa sababu jambo hili halikujulikana. Tena sisi wenyewe wa kamati tulikuwa karibu kumwacha apotee. Basi twaanza na aibu yetu.

Mwenzetu huyo ni fundi wa breki za mabehewa. Ametupa ruhusa kusema habari zake, ila jina lake lisitajwe wala karakana yake isitajwe. Ni fundi hodari. Namba za mabehewa aliyoyatengeneza anazo kichwani zote, na tarehe zake. Sisi tulimwita "Redio" kwa sababu akianza kueleza habari za breki hazimi, hata ukimpa mgongo. Tulicheka naye, au tulidhani twacheka naye.

Asubuhi moja msimamizi alikuwa akisema na kikundi kabla ya kazi, kama ilivyo desturi. Akasema behewa fulani lililetwa siku ya Jumanne. Mwenzetu akamkata maneno: "Hapana. Jumatatu." Msimamizi akaendelea. "Hapana, Jumatatu, saa nane." Akaendelea tena. Mara ya tatu watu wakacheka, na msimamizi akamshika bega ili anyamaze. Wakati ule ule upande wa pili wa karakana walikuwa wakipiga nyundo. Mwenzetu akapaza sauti, "Usiniguse, mjinga wewe!" akatupa spana chini, akatoka nje ya lango, asirudi mpaka kesho yake. (Behewa lililetwa Jumatatu kweli, tulitazama katika daftari. Lakini lilikuwa neno dogo, halina faida kwa mtu ye yote.)

Akapewa barua ya kujieleza. Makosa mawili: kumtukana mkubwa wake, na kuacha kazi bila ruhusa. Yote mawili yamo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambacho chataja makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu mara moja bila notisi. Kwa hivi haikuwa barua ya mchezo.

Kamati ikakaa. Wawili wetu wakasema, "Mtu huyu hana adabu. Hata sisi hutukata maneno. Chama hakiwezi kumtetea kila mwenye mdomo." Nasi wengine tukatikisa vichwa kukubali. Tungalipiga kura palepale kama mzee mmoja asingalisema, "Dada yake yuko nje tangu saa tatu, msikizeni kwanza." Dada akaingia na barua ya daktari, tayari ilikuwa ya mwaka mzima. Ilisema kaka yake ana usonji, na ulitambuliwa alipokuwa na miaka 32. Barua yenyewe aliificha katika sanduku la nguo. Alichelea kuitwa mwendawazimu.

Basi usonji ni nini? Si wazimu, si uchawi, si laana ya mababu, wala hauambukizi. Mtu huzaliwa na ubongo uliojengwa kwa namna nyingine, naye hufa nao. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari zake mwaka 1943 akieleza watoto 11. Kwa sababu alianza na watoto, watu wengi hata leo hudhani ni jambo la watoto. Watoto wale walikua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Hesabuni wenyewe idadi ya watu wa idara yenu. Wengi wa umri wetu hawakupimwa kamwe. Walipigwa shuleni kwa ukaidi, wakaja kazini na jina la ukaidi.

Tulipomwuliza mwenzetu kwa nini hakujizuia siku ile, alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani amekasirika. Kisha akasema, "Breki ninayo. Inashika. Lakini inashika nikiwa nimekwisha pita stesheni."

Neno hilo lilitufanya tutafute kujua. Na tuliyoyakuta ni haya.

Kujizuia si kitu kimoja. Kuna kuzuia mkono au ulimi ambao umekwisha anza kwenda. Wataalamu huupima hivi: mtu hukaa mbele ya kioo cha kompyuta, aonapo alama fulani abonyeze, ikija nyingine asibonyeze. Zile za kubonyeza huja nyingi, moja baada ya nyingine, hata mkono ukazoea. Halafu ghafla huja ile ya kusimama. Kuna na kuzuia jambo jingine lisikuingilie. Kwa hili liko jaribio la Mmarekani John Ridley Stroop, alilolichapisha mwaka 1935. Neno "nyekundu" huandikwa kwa wino wa buluu, nawe utaje rangi ya wino, usisome neno. Jaribuni nyumbani na watoto, mtaona ulimi wenyewe wakimbilia kusoma.

Mwaka 2014 Hilde Geurts wa Uholanzi na wenzake wawili walikusanya uchunguzi 41 uliokwisha fanywa, wenye watu 1,091 wenye usonji na watu 1,306 wasio nao. Walikuta kwamba wenye usonji, wakipimwa kwa jumla, hupata taabu zaidi katika yote mawili, na taabu kubwa zaidi ni ile ya kwanza, ya kusimamisha mkono uliokwisha anza. Lakini walisema pia kwamba matokeo ya uchunguzi ule yalitofautiana sana. Si wote walio sawa. Tena wengi wa waliopimwa walikuwa watoto na vijana, wastani wa umri wao karibu miaka 15. Kwa hivi mtu asitoke hapa akasema, "Chama kimesema wenye usonji hawana breki." Hatukusema hivyo.

Liko jambo jingine linalochanganya. Wengi wenye usonji wana na ile hali ya kutotulia na kukosa umakini, ambayo kwayo mtu hutenda kabla hajafikiri. Zamani kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kilikataza mtu mmoja kuandikiwa yote mawili. Kilipotolewa upya mwaka 2013 kikaruhusu. Kitabu hicho hicho cha 2013 kiliingiza katika dalili za usonji jambo la masikio, macho na ngozi: sauti, mwanga au kuguswa, ambavyo kwetu ni vitu vidogo, kwao huweza kuwa maumivu hasa. Na hapa ndipo tuliposhika paji la uso. Tulikuwa tukitazama breki tu, hatukutazama mteremko. Nyundo zile, kicheko cha watu, mkono wa msimamizi begani bila taarifa, vyote vilikuwa vikimsukuma. Hata breki nzima ina kiasi chake.

Watu wa karakana mwajua breki ya upepo, lakini makarani wako hapa, basi twaeleza kidogo. Pampu hujaza hewa katika bomba lipitalo chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina tangi lake. Dereva akipunguza hewa ya bomba, breki hushika. Akiijaza tena, huachia. Sasa dereva mgeni akiwa na mzigo katika mteremko wa kuingia Bonde la Ufa, akashika na kuachia, akashika na kuachia, bila kuyapa matangi nafasi ya kujaa, mwisho wake ataivuta ile breki asipate kitu. Mtu aliye kando ya njia ataona treni lapita mbio na kusema, "Dereva huyu hakufunga breki." Kumbe alifunga tangu kule juu, hata akaishiwa.

Mwenzetu alituambia siku yake ilivyo. Asubuhi hujizuia asizibe masikio. Hujizuia asitikise mikono, kwa kuwa watu watacheka. Hujizuia asirudie neno. Hujilazimisha kutazama watu machoni, ingawa kwake ni kama kutazama taa ya injini. Hujizuia asimsahihishe mtu mara kumi na tisa, na mara ya ishirini humshinda. Sisi twaiona ile ya ishirini tu. Watafiti wa Uingereza, Laura Hull na wenzake, waliwauliza watu wazima 92 wenye usonji habari ya kujificha huku, wakachapisha majibu mwaka 2017. Wengi walisema baadaye huchoka kabisa, wakahitaji kukaa peke yao ili nguvu zirudi. Dada alisema kaka yake akitoka kazini hukaa chumbani gizani saa mbili kabla ya kula. Nasi tulidhani anaringa, hataki kukaa nasi kwenye chai.

Na mara nyingine breki hukwama ikiwa imefungwa. Hili nalo lamletea taabu. Akiwa katika kazi moja, aambiwe ghafla aache aende nyingine, husimama tu. Mikono haiendi. Wenye usonji wenyewe hulisema sana jambo hili, kwamba kuacha ni kugumu na kuanza ni kugumu. Msimamizi mmoja wa zamani aliwahi kuandika kwamba mwenzetu "amegoma." Ulikuwa mgomo wa mtu mmoja, bila kura na bila notisi, nao Katibu wetu hakuwa na habari!

Wako wataouliza, tutajuaje kama ni usonji au ni ufedhuli? Hatuna kipimo cha kumpa kila mtu, na kupima ni kazi ya daktari. Lakini twatoa hili tuliloliona kwa macho. Mfedhuli huchagua. Humtukana mfagiaji, akifika mbele ya meneja sauti huwa ya asali. Mwenzetu humkata maneno meneja, mama yake, na hata padre, aliyemsahihisha tarehe ya sikukuu katikati ya mahubiri. Tena mfedhuli baadaye hujisifu. Huyu hulala macho usiku kucha akiyarudia maneno aliyoyasema.

Twataka kuwaletea mfano wa mtu mmoja wa mbali, kwa sababu habari zake zaonyesha maisha ya mtu mzima tangu mwanzo hata mwisho. Katika wale watoto 11 wa Kanner, wa kwanza aliitwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Utotoni alipenda kuzungusha vitu, na akikatizwa alipandwa na ghadhabu kubwa. Wazazi wake waliambiwa wamweke mbali, akakaa muda katika nyumba ya watoto, kisha wakamrudisha. Alisoma hata chuo, akamaliza mwaka 1958, akaingia kazi ya benki mjini kwao, akadumu nayo miaka mingi sana. Aliendesha gari, alicheza gofu, alisafiri nchi nyingi peke yake. Alikufa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Sasa sikilizeni hili. Huyu bwana alikuwa na mazoea ya kuwarushia watu mipira ya kufungia karatasi. Mtu amempenda, amrushia mpira. Hata akiwa mzee. Katika karakana zetu angalipata barua ngapi za kujieleza? Watu wa mji wake walikuwa wamekwisha mjua, wakauchukua mpira ule kama salamu.

Lakini tuseme na jambo ambalo wasimuliaji wengine hulipita upesi. Benki ile ilikuwa ya jamaa za mama yake. Ni nani angalimfukuza? Sisi hatuna mama mwenye benki wala baba mwenye reli. Sisi tuna kadi hii ya chama, basi.

Tukarudi katika kamati, na safari hii kura zote zikawa upande mmoja. Kifungu cha 41 cha Sheria ile ya 2007 chasema mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa kosa, hana budi kumweleza sababu katika lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale kazini. Tulishikilia maneno hayo, "lugha anayoifahamu." Tukaandika kwamba mwenzetu akiulizwa maswali matatu kwa mpigo na watu watano waliomzunguka, hiyo si lugha anayoifahamu. Tukaomba maswali yaje kwa maandishi siku moja kabla, na katika kikao aulize mtu mmoja tu, kisha wangoje. Walikubali, ingawa kwa kunung'unika. Kungoja kuliwachosha kuliko cho chote. Alikaa dakika nzima bila neno, halafu akajibu vizuri kuliko sisi mawakilishi wake.

Tukawakumbusha pia kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Ajira yasema hivyo hivyo katika kifungu cha 5. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 imekwisha ondolewa, na mahali pake imekuja ile ya mwaka 2025. Wawakilishi, tupeni nakala za zamani mlizo nazo, msije mkaaibishwa mezani.

Hatukusema hakukosa. Alimwita mkubwa wake mjinga mbele ya watu, na msimamizi naye ni mtu, ana heshima yake na ana watoto nyumbani. Mwenzetu aliandika barua ya kuomba radhi, kurasa nne, na namba ya behewa lile imo mara tatu. Alikatwa mshahara wa siku aliyotoka, akapewa barua ya onyo. Hakufukuzwa.

Kisha tukapatana mambo ya kazi. Benchi lake likahamishwa kutoka karibu na nyundo. Akapewa vizibo vya masikio. Mtu asimguse bila kumwambia. Kazi ikibadilika, iandikwe ubaoni jioni ya kabla yake, au kama ni ya haraka aambiwe, "Baada ya dakika tano utaacha hiyo." Treni la mizigo halisimami hapo hapo uinuapo bendera nyekundu, ndiyo sababu dereva hupewa ishara ya tahadhari mapema. Akiona yamemjaa, aweke kadi ya kijani juu ya benchi atoke nje dakika kumi, asiulizwe. Na ana daftari dogo mfukoni: akitaka kumsahihisha mtu aandike, amwonyeshe baadaye. Gharama yote ilikuwa vizibo, ubao na daftari.

Yako yaliyotushinda. Ile kadi ya kijani wengine waliionea kijicho, wakasema nao wataka dakika kumi. Mmoja aliificha kwa mzaha, na siku ile mwenzetu alilia mbele ya watu, mtu mzima. Aliyeificha ni mwanachama, na yumo humu ndani. Tumesema naye faragha, hatutamtaja. Tena hatuwezi kuahidi kwamba kila mwenye usonji afaa kila kazi ya reli. Anayeshindwa kungoja bendera asiwekwe penye kuunganisha mabehewa, awe ana usonji au hana. Lakini aangaliwe yeye, isiangaliwe barua ya daktari. Huyu wetu hajawahi kutoa behewa bila kupima breki mara tatu, na wako kati yetu wasio na barua yo yote ambao hupima mara moja wakaenda chai.

Daftari limejaa, ameanza la pili. Katika kikao kilichopita alimwonyesha Mwenyekiti ukurasa mmoja: makosa matano ya kumbukumbu za mkutano. Manne yalikuwa makosa kweli, nayo yamesahihishwa katika karatasi mlizo nazo.

Sasa iko kesi nyingine, ya kijana wa mwaka wa kwanza katika idara nyingine. Amepewa barua kwa kuondoka kazini mara tatu bila ruhusa. Mama yake asema tangu utoto hakupenda kelele, na hakupimwa. Kikao chake ni wiki ya mwisho ya mwezi huu. Kamati yataka wanachama wawili wa kukaa naye, wenye uwezo wa kunyamaza na kungoja, na mmoja wa kwenda naye na mama yake hospitali ya kaunti siku ya Jumanne. Nauli italipwa na tawi. Wanaotaka waandikishe majina kwa Katibu kabla ya kuingia namba nne.